Mzee Aliyekuja Kuomba Moto

Iko siku moja, mwanangu, ambayo ninaikumbuka vizuri kuliko siku niliyooa. Ilikuwa Ijumaa ya majira ya mvua, miaka ya hamsini, tukiwa bado chini ya Wabelgiji, katika kijiji chetu cha kando ya ziwa, kati ya Baraka na Nundu. Nilikuwa nimeketi na mke wangu Apolina, chakula cha jioni kiko mbele yetu. Bugali, ugali wetu wa mihogo, ilikuwa inatoa mvuke, na mkeke wa kukaushwa, samaki wa ziwa letu, ulikuwa umepikwa kwa mafuta ya mawese na pilipili. Mzee mmoja akasimama mlangoni, akaomba moto. Nikampa moto. Nitakueleza kwa nini sijaisahau jioni ile, lakini lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu habari isiyopangwa humpoteza anayeisikiliza.

Wewe umezaliwa lubunga zimekwisha kubomoka. Lubunga ilikuwa kibanda cha wanaume wa ukoo, cha duara, kuta zake zikiishia kiunoni, na katikati gogo linawaka mchana na usiku. Jioni kijiji kizima kilisikika kinatwanga sombe, majani ya mihogo, kinu hiki kikikijibu kile. Kisha kila mke aliyekuwa na mume pale alituma sehemu yake: kikapu cha bugali, bakuli la sombe, au ndagala, wale dagaa wa ziwani, au maharage. Yeye na watoto walikula jikoni. Vyakula vyote viliwekwa katikati, wanaume wakanawa katika bakuli moja, wakala vyote.

Hakuna aliyeuliza bugali hii imetoka kwa nani. Tulijua tu, kwa ulimi. Alikuwapo mama mmoja ambaye sombe yake ilikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhia samaki, na wazee walikuwa wakiimega polepole na kumsifu mumewe kwamba ameoa mwanamke asiye na uchoyo. Tulicheka, tukanywa maji mengi, tukala. Aliyevua na aliyerudi na mtumbwi mkavu, mkono wao uliingia palepale.

Katika lubunga yetu alikuwapo Mzee Wilondja. Mke wake alikuwa amekufa zamani, na mwanawe wa pekee alivuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta kazi, hakurudi wala hakutuma neno. Mzee alisuka migono ya kutegea samaki na kutia mipini ya majembe ya kijiji kizima, hapo hapo lubunga, na hapo hapo alilala. Chungu hakuwa nacho. Kwa mwanaume wa rika lake, kujipikia ilikuwa aibu kubwa kuliko kutembea uchi. Basi kwa miaka kumi na zaidi alikula kila jioni, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyempa chakula. Simama hapo uelewe, mwanangu. Hakupewa. Alinawa, akala, kama wenzake.

Mimi nilikuwa nimetoka misheni, ambako nilijifunza useremala miaka miwili. Nilirudi na msumeno, na randa, na mawazo mapya. Kule padri mmoja alituambia kwamba bwana na bibi wa Kikristo wanakula pamoja, meza moja. Neno lile lilinipendeza, na mpaka leo silioni baya. Mama yangu alikula mabaki jikoni maisha yake yote. Sikutaka Apolina ale hivyo. Nikachonga meza ya mvule, nikachonga na viti viwili, nikaviweka ndani, nikafunga mlango ili kuku wasiingie.

Jioni ya kwanza Apolina alipakua, kisha akabaki amesimama na kikapu cha pili mkononi.

“Hii ya lubunga, nitume?”

“Ya nani?” nikamwambia. “Bwana yako si iko hapa?”

Akaangalia kikapu, akaangalia meza, akakirudisha jikoni. Kwetu sahani ilimfuata mume. Mume akihama, sahani inahama. Sikuwaza zaidi ya hapo, na hilo ndilo kosa langu lote; mengine yalikuwa matawi yake.

Jambo jipya kijijini ni kama upele, mmoja akijikuna wote wanajikuna. Vijana wenzangu walikuja kuitazama meza, wakakaa kwenye viti kwa zamu, wakaenda kusimulia. Katika miezi michache nilichonga meza nyingine nne. Kila meza iliyoingia nyumba moja ilitoa bakuli moja lubunga. Wakabaki wazee watatu. Mmoja akahamia kwa binti yake huko Fizi, juu milimani. Wa pili mguu ulimvimba, mkewe akawa anamlisha kitandani. Akabaki Wilondja na gogo lake.

Nilimwona. Siwezi kusema sikumwona, kwa sababu tangu utoto macho yangu hayapitwi. Niliona amekaza mshipi wa kamba mpaka ncha yake imekuwa ndefu. Niliona mgono alioanza kuusuka wiki iliyopita haujaongezeka hata fito moja. Ulikuwa wakati wa mbalamwezi, ndagala hawavuliwi, mahindi bado machanga, na nyumba nyingi zilipunguza chakula. Nikajiambia mzee amezeeka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema waliotutangulia, nami naongeza: anaweza kumtazama kila siku asimjue.

Jumatatu alikuja kwangu saa ya kula. Tulikuwa tunakula bugali na sombe. Alipiga hodi, akasema moto wa kule umezimika, anaomba makaa mawili. Nikainuka, nikamtilia makaa kwenye kigae. Akavuta pumzi, akasema, “Fundi, nyumba yako inanukia kuliko kanisa siku ya Pasaka.” Nikacheka. Akaenda.

Jumatano alikuja tena, saa ileile. Siku hiyo ilikuwa maharage. Alisimama kidogo zaidi. Alimwuliza Apolina habari za wazazi wake, mmoja mmoja, mpaka bugali yangu ikaanza kupoa nami nikaanza kukasirika moyoni. Nikampa makaa.

Ijumaa ndiyo siku ya mkeke. Alisimama mlangoni na kigae chake, akaitazama meza, akatazama chini yake, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

“Viti iko mbili tu?” akauliza.

“Mbili zinatosha, mzee. Tuko watu wawili.”

“Ndiyo,” akasema. “Zinatosha.”

Apolina alianza kuinuka. Nilimshika mkono, nikaenda mimi kumletea moto. Alishukuru kwa mikono miwili. Mvua ilikuwa inaanza, na nilimwona akikifunika kigae kwa kiganja ili makaa yasizimike, akienda taratibu sana.

Kesho yake shangazi yangu, dada ya baba, alirudi kutoka Nundu. Alikuwa amekaa huko mwezi mzima akimwangalia binti yake aliyejifungua, kwa hiyo hakujua jinsi kijiji kilivyokuwa kinakula siku hizi. Alikwenda lubunga kuchukua jembe alilomwachia mzee alitie mpini. Kutoka hapo alikuja moja kwa moja kwangu, na hakupiga hodi. Alitukuta tunanawa.

“Mzee Wilondja amekuja hapa mara ngapi?”

“Mara tatu, shangazi. Aliomba moto. Nilimupa.”

“Mi natoka kule sasa hii. Gogo linawaka. Majivu yake inafika hapa,” akaonyesha juu ya kifundo cha mguu. “Ule moto haujazimika hata siku moja. Sasa niambie, fundi. Muntu iko na moto, anatembea na mvua kuomba moto, saa batu banakula. Alikuwa anaomba nini?”

Apolina alijifunika uso kwa kitenge.

Nikueleze jambo ambalo shangazi hakuhitaji kunieleza, maana nililijua tangu mtoto na nililiacha misheni. Kwetu mzee hamwambii kijana wa ukoo wake, “Nina njaa.” Neno hilo likitoka kinywani mwake linamwangukia kijana kama laana, na uzao wake unakauka. Kwa hiyo mzee anaomba kitu kidogo: moto, maji, chumvi, kisu. Anaomba saa ya chakula, na aliye nyumbani anasogea, anasema, “Mzee, tunanawa.” Basi. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyetoa. Wilondja alikuja mara tatu kunitafutia njia ya kunisaidia nisilaaniwe, nami kila mara nilimwekea makaa mkononi. Husemwa njaa haina adabu. Mimi niliiona njaa yenye adabu, na ilikuwa na adabu kunishinda.

“Ulienda kusoma kupima mbao,” shangazi akasema. “Muntu, haukusoma kumupima.” Kisha akaniambia alichokiona: kopo limebandikwa motoni, ndani yake maganda ya mihogo, yale tunayotupia mbuzi.

Apolina alipakua chakula chote tulichokuwa nacho. Nilikibeba mwenyewe, nikapita njiani bila kufunika, watu wanione. Mzee alikuwa amelala ubavu karibu na gogo. Alikaa kwa shida, akatazama kikapu, akanitazama mimi.

“Basi nawa tukule,” akasema.

Na hapo, mwanangu, nilikosea mara ya nne. Roho ilikuwa imenijaa aibu, nikaona hata tonge moja nikilichukua ni kumnyang’anya. Nikasema, “Hapana, mzee. Hii yote ni yako. Kula tu.” Nikabaki nimesimama.

Akatabasamu kidogo. “Unanisimamia kama askari wa chifu?”

Alimega tonge, akachovya, akatafuna kwa muda mrefu. Akamega la pili. Kisha akasogeza kikapu upande wangu kwa mgongo wa mkono, akasema ameshiba, nimshukuru mama wa nyumba. Nilijua hakushiba. Yeye pia alijua kwamba najua. Kwa mara ya kwanza tangu azeeke, alikuwa amelishwa, na mimi ndiye niliyemlisha.

Shangazi alipeleka uji asubuhi iliyofuata, akaketi naye, akanywa naye kikombe kwa kikombe, na kwake mzee alikunywa. Lakini mwili ulikuwa umekwenda mbali. Homa ilimshika, kifua kikajaa, na Jumanne kabla ya jua kupanda alikuwa amekufa. Muuguzi wa misheni aliandika kwamba ni homa. Watu waliomboleza, wakasema mzee amemaliza safari yake, umri ulikuwa umefika. Nilichimba kaburi pamoja na vijana wanne wenye meza. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Udongo ulikuwa umelowa, ukashikamana na majembe, na mipini yote ile aliitia yeye.

Jioni ya maziko hakuna aliyeamuru kitu, lakini bakuli zilianza kufika lubunga. Sombe ilikuja, ndagala za akiba zilikuja, maharage yalikuja, na ile ya chumvi nyingi ilikuja pia. Tangu nizaliwe sikuwa nimeona chakula kingi hivyo pale. Tulinawa. Tulikaa kukizunguka, watu kumi na mmoja, na mikono ikabaki magotini mpaka mawese yakaganda juu ya mboga. Mwishoni yule mzee mwenye mguu mbovu, aliyebebwa kuja pale, alisema kwa sauti ndogo, “Kuleni. Amekufa na njaa ya mutu mumoja, tusimuongezee njaa ya batu bote.” Tukala. Hakuna aliyecheka juu ya chumvi.

Nimekula jioni nyingi tangu siku ile, zingine katika vita, zingine ukimbizini ng’ambo ya ziwa, ambako watu nisiowajua waliniambia, “Mzee, tunanawa,” kabla sijafungua kinywa. Kila mara nilikula nikainamisha kichwa. Majuto ni mjukuu, wasemavyo, na wangu amekuwa mtu mzima, anakaa nami kila ninapokula.

Sasa sikia ninachokuagiza. Kula na mkeo na watoto wako mahali pamoja. Hilo ni jema, usilirudishe nyuma kwa ajili ya hadithi yangu. Lakini desturi ya wazee ukitaka kuiacha, kwanza uliza ilikuwa inamlisha nani. Iulize kabla hujaiacha, kwa maana baadaye atakayejibu hayuko. Mtu akija kwako saa ya chakula na haja ndogo, usimpe ile haja ndogo akaenda. Msogelee, mwambie mnanawa. Na ukimpa mwenye njaa chakula, kaa chini, tia mkono wako pamoja na wake hata kama umeshiba mpaka kooni. Tonge lako moja ndilo linalomruhusu yeye kula yote.

Mungu akupe mihogo inayokauka vizuri na mkono wa kuitwanga. Akupe sombe kila jioni, na mawese ya kuilainisha, na wasikosekane watu wa kukupunguzia. Na jioni utakayokula peke yako huku jirani yako analala na njaa, nakuombea kwa upendo wote nilio nao: chakula hicho kisishuke.