Ubao wa Torkel Lidbom

Siku hizi watu wakimtaja Torkel Lidbom husema tu "yule mkemia", kana kwamba alizaliwa na chupa mkononi. Wapi! Alizaliwa mtoto wa fundi mapipa, kule chini ziwani, na mama yake alimchapa kwa kulamba bawaba za milango. Alitaka kujua kwa nini kutu ina ladha ya damu. Tabia hiyo hakuiacha hata uzeeni. Chochote kilichoingia katika duka la dawa la mji wetu wa Hedvalla, kiwe chumvi, kiwe jiwe, kiwe dawa ya farasi, kwanza alikionja. Mimi Ebba, mke wa mwoka mikate wa jirani, nimewahi kumwona akitema mate ya bluu.

Duka lilikuwa la Märta Rask. Mumewe alipofariki, msaidizi wake Torkel ndiye aliyebaki kuchanganya dawa. Mchana aliuza dawa ya kikohozi, jioni alichemsha madude yake nyuma ya duka na kunasa hewa katika vibofu vya ng'ombe. Jumapili moja baada ya ibada alitumbukiza kijiti chenye kaa katika hewa ya kibofu kimoja, kikawaka pwaa! Watoto wakashangilia, na kasisi akacheka hadi wigi lake likaenda upande. Märta alisimama mlangoni akimtazama Torkel, nami nikamtazama Märta. Nikajua.

Torkel hakujua kitu. Nampenda kama ndugu yangu, lakini kwa mambo ya wanawake alikuwa mjinga wa kutupwa.

Ndipo Didrik, mwenye tanuri la chuma, akatangaza kwamba theluji ikiyeyuka atamposa Märta. Akaanza kuchonga ubao. Kwetu Uswidi mwanamume haposi kwa mdomo. Huchonga ubao wa kunyooshea nguo, mpini wake umbo la farasi, akachora maua na herufi za jina la mwanamke, akauacha mlangoni kwake asubuhi. Ukiingizwa ndani, amekubaliwa. Ukirudishwa, yamekwisha. Na Didrik alikuwa stadi wa kuchonga, farasi wake ungedhani atapiga chafya. Kila mtu aliona kwamba Torkel akizubaa atampoteza Märta.

Asubuhi moja ya Februari Märta akaja kwangu, ubao mkononi, macho mekundu.

"Shoga, tazama alichoniletea Torkel."

Nikatazama. Yule farasi wa mpini alifanana na nguruwe mwenye homa. Na ubao wenyewe haukuwa na ua wala herufi. Mtupu kabisa.

"Labda kasahau?"

"Asahau jina langu? Kutwa ananiita, 'Mama Märta, siki iko wapi? Mama Märta, nani kanichukulia kibofu changu?' Huyu ananidhihaki. Mrudishie."

"Mrudishie mwenyewe, una miguu."

"Ebba! Nikimwona nitalia, na sitaki anione nikilia."

Basi nikaupokea. Lakini mikate ilikuwa ndani, kwa hiyo nikauegemeza karibu na mlango wa tanuri nikaendelea na shughuli zangu. Nilipogeuka, nusura niangushe sinia. Ubao ulikuwa umejaa maandishi ya bluu, bluu ya anga la Juni, na yalizidi kukolea mbele ya macho yangu. Mwandiko ulikuwa wa Torkel:

"Märta. Kuchonga sijui. Ila kila ninachogundua, wa kwanza ninayetaka kumwonyesha ni wewe."

Nikapiga ukelele nikatoka mbio, unga hadi kwenye nyusi. Theluji ilikuwa ikianguka. Nilipofika kwa Märta nikamsukumia ubao kifuani.

"Soma!"

"Nisome nini?"

Nikautazama. Mtupu! Ulikuwa umelowa theluji, na maandishi yametoweka.

"Ebba, leo umeanza bia asubuhi?"

"Sijagusa bia! Uweke kwenye jiko!"

"Nitauweka, tena ndani ya moto kabisa!"

Tukanyang'anyana pale jikoni kama watoto. Nikashinda mimi, kwa sababu mikono hii imekanda unga tangu utotoni. Nikaulaza juu ya jiko, tukasubiri huku tunahema. Herufi ya kwanza ikatokea, kisha jina lake zima. Märta akasoma hadi mwisho, akasoma tena, akavaa viatu vyake vya mbao, akauchukua ubao akatoka. Nami huyo nyuma yake. Mngetaka nibaki?

Nyuma ya duka, Torkel alikuwa akizipanga chupa zake ndani ya sanduku lenye majani makavu, tayari kuhama. Alishajihukumu kwamba amekataliwa, maskini.

"Wewe mwanamume," Märta akamwambia, "una akili kweli? Nani anaposa kwa wino usioonekana?"

Torkel akaiva uso mzima. "Ni maji ya kobalti. Yakipata joto yanakuwa bluu. Nilijua ukiuingiza ndani utauweka karibu na jiko."

"Kwa hiyo nikubali kwanza, ndipo nisome?"

"Hilo sikuliwaza vizuri."

"Na kama nisingeuingiza?"

Torkel akainamisha kichwa. "Ungerudi mtupu. Watu wangeona ubao mbaya tu, wangenicheka mimi. Hakuna ambaye angekusema kwamba umemkataa mtu aliyekutumikia miaka yote hii. Ungemchukua Didrik kwa amani."

Machozi yalinilenga.

"Andika tena," Märta akasema. "Andika kwa wino wa watu wote, usiokimbia baridi."

Torkel akashika kalamu. Akaichovya mno hata wino ukamwagikia majani, na hakuna herufi iliyotoka. Basi Märta akamnyang'anya kalamu. Akaandika mwenyewe herufi za jina lake, na chini yake za Torkel, kubwa kubwa. Kisha akautia ubao kwapani, akavuka nao uwanja kuelekea jikoni kwake, polepole, katikati ya theluji, ili kila aliyekuwa dirishani aone.