Chakula cha Kununulia Pipa

Wakati wa vita vya shifta, waasi wakipigana na serikali, nyumba zetu za mikeka hapa Garissa ziliwaka kama nyasi. Vijana wa mtaa waliojitolea kuzima moto, kaka yangu akiwemo, walichota maji mtoni kwa madebe, wakafika na nusu debe mbele ya majivu. Walihitaji pipa na gari la punda la kulibeba. Mwalimu wangu, mtu wa bara, akashauri tuuze chakula, fedha zinunue pipa. Mama akakubali kupika uani kwetu. Hakujua Kiswahili, na mwalimu hakujua Kisomali, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi.

Mwalimu alinisimamisha langoni na bakuli la kukusanyia fedha. Wa kwanza kufika alikuwa mzee mfugaji wa upande wa Ijara. Mama akamkaribisha, akammiminia maji ya kunawa. Ndipo nikamnyooshea bakuli.

Mzee alilitazama, akaitazama mikono yake iliyolowa.

"Binti yangu, siku hizi kwenu hata maji ya kunawa yanauzwa?"

Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Akajipangusa kwa shuka lake, akaondoka. Uso ukaniwaka.

Mama akaninyang'anya bakuli. "Mwambie mwalimu wako, aliyenawa mikono kwangu ni mgeni wangu. Mgeni simdai."

Nikatafsiri.

"Mwambie mama hii si harusi," alisema mwalimu. "Wakila bure, pipa litatoka wapi?"

"Kweli si harusi," mama akajibu. "Harusini na mimi ningekaa nikala."

Akaendelea kupakua. Watu walijaa, sinia baada ya sinia, harufu ya iliki na samli imetanda hadi barabarani. Nilimwonea mama haya mbele ya mwalimu, na shungi lake lililojaa moshi. Kisha nikamwonea mwalimu haya mbele ya mama, jinsi alivyokunja mikono akihesabu midomo inayotafuna.

Alasiri, watu wakianza kuogopa saa ya kafyu, masufuria yalikuwa matupu. Mama akasimama kati ya wageni, akaomba waziwazi kama inavyoombwa kwetu: wameshakula, sasa kila mmoja achangie pipa la mtaa kwa alichonacho.

Wanaume wakatazama chini. Mmoja akasema polepole, "Shangazi, usituone wabaya. Kabla ya vita ningekupa ngamia. Leo hata mbuzi sina."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wakamwombea dua, wakainuka mmoja mmoja. Kaka na wenzake walitoka mwisho, wakiwa wameinamisha vichwa, wameshiba.

Mama akanisogeza hadi mbele ya mwalimu.

"Mwambie nimeshindwa."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilitamani kulipunguza makali, lakini alikuwa ananitazama midomo, ahakikishe sibakishi kitu.

"Anasema ameshindwa," nikasema, kwa sauti ileile safi niliyosomea darasani.