Kuvuka Kisiwa na Mama kwa Gari la Kusukuma

Mama yangu aliihesabu Mombasa kuwa nchi kamili. Ng'ambo ya maji, upande wowote ule, kwake kulikuwa ugenini, hata kama kulionekana kutoka darini kwetu na jogoo wa huko tukimsikia. Nchi ilianzia mlangoni petu, Mji wa Kale, ikaishia Mbaraki, upande wa pili wa kisiwa, alikoolewa dada yake. Kwa hiyo alipotangaza kwamba anataka kuvuka nchi, hakuna aliyecheka mbele yake. Tuliotaka kucheka tulitoka nje kwanza.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Dada yake, ambaye sisi tulimwita mama mkubwa, alikuwa akihamia Pemba na mwanawe aliyenunua mikarafuu huko, na chombo chao kilikuwa karibu kuondoka. Wale ndugu wawili hawakuwa wameonana tangu punda alipomwangusha mama na kumwachia goti lisilokunjika. Miaka yote ile waliishi kisiwa kimoja wakipelekeana vitu kwa mkono wa muuza maziwa. Mama alituma chupa ya achari, mama mkubwa akairudisha na samli, chupa ikaoshwa, ikarudi tena na achari. Ile chupa iliwajua wote wawili kuliko walivyojuana wao.

"Ndoo hapa," mama akaniita asubuhi moja. "Katika nyumba hii wewe ndiye mwenye mdomo. Nitafutie ndia ya kumfikia dadangu kabla hajaondoka. Punda sitaki. Mashua sitaki. Na sibebwi mgongoni kama mtoto aliyevimbiwa."

Ilibaki njia moja. Siku zile reli nyembamba zilipita mitaani hadi Kilindini, na juu yake yalikwenda magari madogo ya kusukumwa: ubao wa kukalia watu wawili, paa la turubai, magurudumu manne ya chuma, na nyuma wasukumaji wawili wakikimbia na kupiga kelele, "Simile! Simile!" ili watu wapishe. Wakubwa wa serikali walikuwa na magari yao. Sisi wengine tulikodi.

Nikamweleza mama. Akapima.

"Nisukumwe na wanaume nisiowajua kwao, wananihemea kisogoni mpaka Kilindini?"

"Ndiyo kazi yao, mama."

"Waifanye kwa mama zao. Gari nitapanda. Watakaosukuma ni wanangu."

Wanawe tulikuwa wawili: mimi, dalali wa vitu vya kila namna, na kaka yangu, mwalimu wa chuo, mtu wa joho na kilemba, ambaye hata maji aliyanywa kwa utaratibu. Nilimkuta akisahihisha mbao za wanafunzi nikampa habari.

"Mimi nisukume gari?" akasema. "Wanafunzi wangu wataniona."

"Basi nenda ukamwambie mama kwamba huwezi."

Akaendelea kusahihisha. Alipomaliza ubao wa pili akauliza, "Tunaondoka saa ngapi?"

Mwenye magari alikuwa Mhindi muuza misumari, mtu niliyempenda kwa sababu hakuwa rahisi.

"Gari bila wasukumaji?" akanikazia macho. "Bei ile ile."

"Vipi ile ile? Nusu ya gari lako ni wale watu wawili. Nusu hiyo nakuachia dukani."

"Nusu hiyo inakula, isukume isisukume."

"Watalala. Mtu aliyelala hali."

"Hujawaona hawa wawili wewe."

Akaagiza kahawa. Niliondoka mara mbili, akaniita mara mbili. Mara ya pili alipunguza kidogo, nikaongeza sharti kwamba wale wasukumaji watufundishe kazi jioni moja, bure. Akakubali, akaninyooshea kidole. "Gari langu likiumia, nitakwenda kwa mama yako."

"Ukifika kwa mama yangu, utatoka umemwachia gari na misumari."

Siri ya gari lile haikuwa kulisukuma. Hata kaka yangu aliweza kusukuma. Siri ilikuwa kulisimamisha, maana penye mteremko lilipata akili yake lenyewe, na msukumaji alitakiwa arukie ubao wa nyuma na kukanyaga breki polepole, si kwa hasira. Wale wasukumaji, wajuzi wa dhihaka, walishauri tufanye majaribio na mzigo. Tukapakia gunia la mchele lenye uzito wa mama kwa makisio yangu, tukalisukuma vizuri, kaka yangu akiwa amejifunga kilemba usoni kama mwizi. Kwenye kona nikakanyaga breki kwa hasira. Gari likasimama. Gunia halikusimama.

Mmoja wa wale wasukumaji akaliinamia gunia mchangani. "Pole, mama," akaliambia. "Mwanao bado anajifunza."

Habari zilifika nyumbani kabla yetu. Mama hakuuliza kuhusu kona wala breki.

"Gunia la kiasi gani?" akauliza.

"La nusu, mama."

Akaridhika. Lilikuwa zima.

Baada ya hapo nikakaa kupanga. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza huwa najifurahisha. Maji, mkeka, miamvuli, mto wa goti, kiti chenye mikono cha kumbebea mama kutoka mwisho wa reli hadi mlangoni kwa dada yake. Sambusa, mkate wa mofa, kuku wa kupaka, birika la kahawa. Mama alitaka gari lizungushiwe shuka pande zote, lakini shuka ziachwe na matundu ya kuchungulia, kulia na kushoto.

"Tundu moja halitoshi?" nikauliza.

"Umelipia upande mmoja?"

Nikatoboa la pili. Mdomo wangu niliurithi kwake.

Kaka yangu ndiye aliyetaja lile jambo la reli kuwa moja. Magari mawili yakikutana uso kwa uso, moja lilikuwa lazima linyanyuliwe na kuwekwa kando lingine lipite, na aliyemo alishuka akasimama njiani. Gari la serikali halikushuka kamwe. Wengine tulishindana kwa maneno. Mama asingeshuka njiani mbele ya wanaume hata dunia ikipinduka, na goti lile lisingemruhusu kupanda tena. Nikamtuliza kaka yangu kwamba tukitoka alfajiri ya Alhamisi hatutakutana na mtu. Saa hiyo wakubwa walikuwa bado wanalala, na wafanyabiashara bado wanahesabu.

Ilibaki adabu. Mtu hawezi kumwangukia mwenzake na goti bovu na kuku wa kupaka bila kumpa habari. Nikamwagiza muuza maziwa amwambie mama mkubwa: Alhamisi asubuhi, mama yuko njiani.

Alhamisi tukatoka. Mama alipandishwa gizani, shuka zikafungwa. Tulipoupa mji kisogo na kukaanza kupambazuka, tundu la kulia likaanza kusema.

"Kumbe kisima hiki kipo! Walituambia kimefukiwa. Na nyumba ile ya mabati ni ya nani? Mbaya hiyo. Nenda polepole, nimelipia."

"Niliyelipa ni mimi, mama."

"Wewe ni wa nani?"

Akahamia tundu la kushoto. Aliona mihogo ya watu akaitia kasoro. Aliona moshi wa gari la moshi, akatusimamisha mpaka ukaisha. Kaka yangu alikuwa amevua joho na kukunja kanzu kiunoni, na jasho lilipomkolea nikamsikia anavumisha kasida kwa kila hatua. Sikumwambia kwamba nimemsikia, asije akaacha. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi ya bure nikafurahi vile.

Katikati ya kisiwa, juu kidogo ya mteremko wa Kilindini, nikaona gari linatujia. Kwa mbali lilifanana na jahazi lililonyeshewa, limezungushiwa shuka mpaka chini. Nyuma yake alikuwa mtu mmoja, kifua wazi, anapanda mlima akihema.

"Ondoa gari!" nikampigia kelele.

"Ondoa wewe! Mimi nimebeba mama wa watu!"

"Na mimi nimebeba nini, makaa?"

"Usinitoe maneno, bwana. Mama yangu hashuki!"

"Wangu ndiye hashuki!"

Tukasimama, gari kwa gari, mimi nikitafuta maneno makali zaidi. Ndani ya shuka zetu mama akasema taratibu, "Sauti hiyo naijua. Huyo alikuwa analilia maziwa kwa sauti hiyo hiyo."

Na ndani ya shuka za pili sauti ya mwanamke ikajibu, "Bado anayalilia."

Alikuwa mama mkubwa. Kwetu sisi mgeni wa heshima haachwi afike peke yake. Mwenyeji humtokea njiani akamlaki. Mimi niliyehesabu mpaka vifuniko vya masufuria sikufikiri kwamba ukimpelekea mwanamke kama yule habari ya mgeni, atakodi gari, atamtia mwanawe kulisukuma, na atatoka kukulaki juu ya reli ile ile moja.

"Nimekuja kukulaki," akasema mama mkubwa.

"Kulaki gani huku, kwa kuzibiana ndia?"

"Shuka basi nipite."

"Upite wende wapi, na mimi niko hapa?"

"Mimi ni mkubwa wako."

"Na mimi ni mgeni wako."

Kaka yangu, ambaye aliulizwa masuala magumu kutoka mitaa yote, alipotakiwa kutoa hukumu akasema anahitaji kutazama vitabu. Binamu yangu alikuwa amekaa chini ya mgomba na hakuwa na haja ya hukumu, alitaka kupumua tu. Mimi nikaona hapa hakuna wa kushuka, wala si lazima. Tukayasukuma magari yale mpaka mbao zake zikagusana, tukafungua shuka za mbele na kuziunganisha juu, pakawa chumba kimoja. Tukaondoka hatua kadhaa, tukawapa mgongo.

Kisha nikamsikia mama analia, na mama mkubwa anamwambia, "Meno yako yamekwenda wapi?" na mama anacheka huku analia, "Yako je?" Kaka yangu akajifuta uso kwa kilemba na kusema ni jasho.

Kuku wa kupaka alikuwa amebaki nusu lilipotokea gari la tatu nyuma yetu. "Simile! Simile!" Lilikuwa la serikali: wasukumaji wawili wenye mavazi safi na Mzungu mwenye kofia kubwa, peke yake. Sheria ilikuwa yake. Akisema, kile chumba kitavunjwa, na mama atasimama juani mbele ya wanaume watatu wageni na goti lake, na furaha yote itageuka aibu ya kusimuliwa.

Nikamwendea nikitembea kama mtu asiye na haraka.

"Bwana," nikasema, "hapa kuna magari mawili yenye wazee wawili wasiotembea. Kuyaondoa yote mawili ni kazi ya nusu asubuhi. Lako ni moja, jepesi, na sisi pamoja na wasukumaji wako ni wanaume watano. Tutalibeba tulizungushe kabla hujamaliza kula."

"Kula nini?" akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

Hilo sikuwa nimelipanga. Lakini shuka ilifunuka kidogo, ukatoka mkono wa mama mkubwa wenye bangili, na katika mkono sinia la sambusa. Mzungu akalitazama, akashuka, akavua kofia, akaiambia ile shuka asante. Tukambebea gari kwa mbio. Yeye alikula sambusa mbili. Sambusa za wasukumaji wake sikuzihesabu, nilichelewa, na nilipohesabu mara ya pili sinia lilikuwa jeupe.

Alipokwisha kwenda, likazuka lile lililobaki: twende wapi?

"Twende mjini," akasema mama mkubwa. "Mimi naondoka. Ndia Kuu sijaiona tangu kuolewa."

"Na mimi nimetoka huko kutafuta Mbaraki," akasema mama.

Binamu yangu akanong'ona kwamba wabadilishane magari, kila mmoja aende anakotaka. Nikamwomba asiseme kwa sauti, wasije wakamsikia na kukubali.

Ndani palikuwa na mazungumzo ya chini chini. Kisha mama akasema, "Dada, mji ninao mdomoni. Kila nyumba, aliyezaliwa, aliyeachwa, aliyefilisika. Ukienda kuuona utaona milango tu. Panda huku nikueleze."

Mama mkubwa, ndugu wa mama yangu kweli, akapima.

"Na utaanza na walioachwa?" akauliza.

"Nitaanza nao."

Tukampitisha kutoka shuka hadi shuka bila mguu wake kugusa ardhi. Gari lao tukalitoa relini, tukapita, tukalipandisha tena, na binamu yangu akalirudisha likiwa tupu nyuma yetu, ameridhika kabisa. Ubao wa watu wawili uliwabana, hakuna aliyelalamika. Kwenye mteremko wa Kilindini nikarukia breki na kuikanyaga kwa adabu zote nilizofundishwa, na kutoka ndani ya shuka wazee wawili wakapiga kelele kwa pamoja, "Liache liende!" Kaka yangu akaniambia iachie kidogo. Nikaiachia kidogo.

Mpango wangu ulisema tutarudi nyumbani kabla ya Magharibi. Jioni nikabisha mlango wa chumba pale Mbaraki nikaeleza kwamba gari ni la watu na wakati umefika.

"Lirudisheni," akasema mama kutoka ndani. "Mimi niko hapa mpaka siku ya chombo. Nimefika kwenye walioachwa tu, waliofilisika bado."

"Na kurudi kwako, mama? Sikupanga."

"Basi panga," akasema.

Komeo likaingia mahali pake, na mimi na kaka yangu tukabaki barazani tukiwasikiliza wakigombania nani alale upande wa ukutani.