Dawa Iliyotuliza Mapafu ya Mwanangu

Nawasalimu nyote mliofika, na zaidi wewe ambaye mtoto wako bado yuko kwenye chumba cha joto cha watoto wachanga hospitalini. Naitwa Elisifa, mkulima wa Kikwe, chini ya Mlima Meru. Nimeombwa nisimulie jinsi mimi na mwanangu tulivyougua na jinsi tulivyopona. Nitasema ninavyokumbuka, ingawa kuna sehemu nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto.

Kabla ya hapo tuliishi vizuri. Mimi na mume wangu, Anaeli, tulilima mahindi na maharage, na vitunguu kwenye kipande kinachopata maji ya mfereji. Mimba yangu ya kwanza haikunisumbua. Asubuhi napalilia, mlima uko wazi mbele yangu, mtoto akigeuka tumboni nasimama kidogo nimsikilize.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba nikaanza kulowa. Maji yalikuwa machache, yanakuja na kukoma, nami nikadhani ni mkojo. Hakuna aliyejua pale nyumbani kwamba chupa ya uzazi ilikuwa imevuja. Baadaye yale maji yakaanza kunuka, tumbo likawa linauma hata nikiguswa, nikatetemeka juani nikiwa nimejifunika blanketi. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Koko, aliniwekea mkono shingoni, kisha akamwambia Anaeli atafute gari, tena upesi.

Hospitali kule mjini walisema vijidudu vimepanda hadi kwenye mfuko wa uzazi na vimemfikia mtoto, kwa hiyo asingeweza kuendelea kukaa humo. Alizaliwa mchana. Alikuwa mwekundu, ngozi nyembamba mpaka mishipa inaonekana, kifua kidogo kama cha kifaranga. Hakulia. Aliguna tu, wakamchukua.

Kisha homa ikanichukua na mimi. Siku zile sizijui. Damu iliyonitoka ilinuka, dripu ilikuwa mkononi, na kila nikifumba macho niliona ukungu wa Meru ukishuka mpaka wodini, unapita kwenye mapazia, unalala juu ya vitanda kama shuka jeupe. Nilikuwa ndani yake na sikuogopa. Wanawake waliongea Kimeru, Kimaasai na Kiswahili, na sauti zao zote zilinifikia kama maji yanayopita mbali. Koko alinipangusa uso kwa kitambaa chenye maji. Kila nilipozinduka nilimwuliza neno lile lile, naye alinijibu neno lile lile: "Anapumua." Nikarudi kwenye ukungu.

Homa iliposhuka nikapelekwa kumwona mwanangu. Alikuwa na mpira puani wa kumpa oksijeni na mwingine mdomoni wa kumpitishia maziwa. Dawa za kuua vijidudu zilikuwa zimefanya kazi, wakaniambia damu yake sasa ni safi. Nilikamua maziwa kwenye kikombe, mwanzoni tone moja moja, matiti yakiuma kama majipu. Yeye alipewa kiasi cha kulowesha ulimi.

Lakini hakupona. Wiki zilipita, wenzake wakatolewa oksijeni, yeye kila akitolewa anageuka bluu mdomoni. Mbavu zake zilizama kila anapovuta pumzi. Nilimtazama hadi nikawa navuta pumzi pamoja naye, na nikichoka mimi, naona kama na yeye anachoka.

Daktari wake, mama mmoja mpole, alituita mimi na Anaeli. Alieleza kwamba ndani ya damu kuna seli nyeupe, hizo ndizo askari wa mwili. Vijidudu vilipoingia, askari wa mtoto wetu waliamka wakapigana. Sasa adui amekwisha, ila askari bado wanapiga, na wanachopiga ni mapafu yake mwenyewe. Ndiyo maana yamevimba. Mwili wa mtoto mchanga, alisema, haujajifunza vizuri lini kuanza vita na lini kuacha. Ipo dawa ya kuwatuliza. Ila askari wakitulia, kijidudu kingine kikija kinaweza kumkuta hana ulinzi. Na dawa yenyewe ikizidi inaweza kumdhuru ubongo unaokua, kwa hiyo angempa kidogo, kwa siku chache tu.

Anaeli hakutaka. Alisema tumwachie Mungu, mtoto ameshachomwa vya kutosha. Sikumlaumu, maana mikono yote miwili ya mtoto ilikuwa na alama za sindano. Mimi nilimwuliza daktari, "Angekuwa wako?"

Akanijibu, "Angekuwa wangu ningempa. Na ningeogopa."

Kwa sababu hakuficha kuogopa, nikamwamini. Nilimshika Anaeli mkono, nikamwambia Mungu tunamwachia, na dawa pia tunampa. Akainamisha kichwa. Akakubali.

Walianza asubuhi. Hakuna kilichobadilika kwa ghafla. Siku iliyofuata niliona mbavu hazizami sana. Kisha wakapunguza oksijeni, wakapunguza tena, na mdomo wake ukabaki na rangi yake. Nililala nimekaa, kichwa kwenye ukuta, nikaota nafungua mfereji wa shambani na maji yanaingia kwenye matuta bila sauti.

Halafu kile daktari alichokiogopa kikaja. Mtoto akapoa mwili, akagoma maziwa, tumbo likajaa. Kijidudu kipya. Wakaanza dawa nyingine za kukiua, na ile ya kutuliza wakaipunguza mpaka wakaiacha. Anaeli alisimama dirishani akiwa amenipa mgongo. Hakunitupia neno baya hata moja, na hilo sitalisahau. Koko aliimba kwa Kimeru, taratibu, kama mtu anayechambua maharage. Tukangoja. Siku ya tatu tumbo likalegea, mtoto akanya, na sista aliyebadilisha nepi akacheka. Mimi nikalia.

Baadaye wakamweka kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, nikafungwa naye kwa kanga. Tukakaa hivyo siku baada ya siku, nasinzia naye anasinzia, sijui pumzi ipi ni yangu. Tulirudi Kikwe mvua zikiwa zimeanza.

Leo mwanangu, Elibariki, anakimbia. Alichelewa kutembea, na baridi ya Julai humkohoza, kwa hiyo kliniki hatukosi.

Namshukuru Mungu, yule daktari, masista, na Koko. Nawe mjamzito, ukilowa usiseme ni mkojo. Nenda upimwe siku hiyo hiyo. Wewe uliye na mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, nawa mikono, na dawa usiyoielewa uliza mpaka uielewe. Baba naye aulize.

Na ukiruhusiwa kumgusa, usimpapase, ngozi yake bado haiwezi. Mwekee kiganja mgongoni, kiache hapo kimetulia, mpaka umsikie anapumua.