Aliyefanana Nami

Kwetu Migwani, baba akiita "Mwaitu!" tulikuwa tukiitika wawili. Kwa Kikamba neno hilo ni mama yangu. Bibi aliitika kwa sababu ndiye aliyemzaa, nami niliitika kwa sababu nilipewa jina la bibi, na kwetu mtoto akipewa jina la mtu huitwa kama mtu huyo. Baba hajawahi kuniita vingine. Bibi mwenyewe, ambaye sote tunamwita Susu, aliniita Wajina. Alipenda kuwaambia wageni kwamba hata akifa hatakuwa ameenda mbali, kwa kuwa ameshaacha mwingine hapa.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani kusubiri kazi ambayo haikuwa na haraka ya kuja. Ndipo Susu akapata kiharusi. Alilazwa hospitalini Kitui, akarudi mdomo umepinda kidogo na mguu wa kushoto ukiburuta. Maneno yake yote yalikuwapo. Aliuliza kama ng'ombe amezaa. Majirani waliokuja kumwona aliwauliza habari za watoto wao, mmoja mmoja, bila kukosea. Kisha nikamletea uji, akaniangalia mpaka mkono ulioshika kikombe ukachoka.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Susu. Wajina wako."

Alimgeukia baba. "Huyu mmemtoa wapi?"

Baba alicheka. "Mwaitu, huyu si ni wewe ukiwa msichana? Ama umesahau vile ulikuwa unasumbua vijana sokoni?"

"Sijasahau kitu." Hakucheka. "Amefanana naye kabisa. Hata kovu la kidevuni wameliweka mahali pake. Lakini si yeye."

Nililala nikiwaza neno moja tu. Wameliweka. Akina nani?

Tuliporudi kliniki daktari alitueleza. Alisema kichwani kuna njia mbili. Moja huitambua sura. Nyingine huuamsha mwili: moyo unapiga tofauti kidogo, kifua kinalegea, nawe unajua umeona mtu wako. Kwa Susu njia ya kwanza ilikuwa nzima, ya pili imekatika. Anaiona sura yangu, anasubiri joto lile, na haliji. Ubongo hauwezi kukaa na pengo kama hilo, kwa hiyo unatunga sababu.

"Mbona ni mimi tu?" niliuliza. "Susu anamjua baba. Hata fundi wa baiskeli anamjua."

"Mara nyingi huwa ni yule wa karibu kuliko wote," alisema. "Kwa fundi wa baiskeli hakutarajia kuhisi kitu."

Alisema hivyo kunifariji. Mimi nikifarijiwa hupata kitu kipya cha kuogopa. Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya kioo kidogo cha baba cha kunyolea, nikajaribu kuhisi kwamba aliye mle ndani ni mimi. Nilingoja. Sura niliijua vizuri. Nilipoendelea kuitazama, ilianza kuwa kama picha ya mtu niliyewahi kusoma naye. Nikakigeuza kioo kikatazama ukuta.

Baba ilimbidi arudi dukani kwake katika mji wa Kwa Vonza, ambako hukaa mpaka Jumamosi. Mama anafundisha Makueni na huja mwisho wa mwezi. Tukabaki wawili, Susu na mimi, na dawa za presha. Daktari alikuwa ametuonya waziwazi: akiacha dawa, kiharusi cha pili hakitamwacha na maneno, kama kitamwacha hai.

Susu alikataa dawa. Hakugombana. Nikinyoosha mkono, yeye aliuficha wake ndani ya leso. Nikiweka kidonge kwenye kisosi na kuondoka, nilikikuta chini, kuku wakikidonoa na kukiacha. Chakula alikula kile alichoniona nikikila kwanza. Usiku alikivuta kiti na kukiegemeza kwenye mlango wa chumba chake, nami nilimsikia kutoka chumbani kwangu, mguu ukiburuta, kiti kikiburuta.

Siku moja nilikuwa shambani nikichuma mbaazi, nikaingiwa na hofu kwamba ameanguka. Sikuwa na sababu yoyote. Nilipiga simu yake ndogo ya vibonyezo ili nisikie tu kama atapokea. Alipopokea nikasema, "Susu?"

"Wajina!" alisema. "Jamani, Wajina! Uko wapi wewe?"

Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile yenye kicheko chini yake. Niliketi palepale mchangani. Sauti yangu ilikuwa na njia yake kichwani mwake, na njia hiyo haikuwa imekatika. Lakini nilipokimbia nyumbani na kumwita Susu ana kwa ana, kwa sauti ileile, alirudi nyuma mpaka ukutani. Uso uliiharibu sauti.

Basi nikawa nampigia kutoka nyuma ya tangi la maji. Alinisimulia habari za nyumbani, na habari nyingi zilikuwa zangu.

"Analia jikoni huyu. Anadhani simsikii."

"Labda ana huzuni, Susu."

"Ana huzuni ya nini? Ameshavaa sweta yako. Anajua mahali tunapoweka chumvi. Nani alimwonyesha?"

Nilikuwa nimevaa sweta hiyo wakati huo. Niliishika shingoni, na kwa kitambo kidogo nilitaka kuivua.

Alhamisi mdomo wake ulikuwa umepinda zaidi, na alilalamika kwamba kichwa kinamuuma tangu asubuhi. Nilienda nyuma ya tangi nikapiga.

"Susu, kunywa dawa. Tafadhali. Utaanguka tena."

"Anayezileta ni yeye."

"Najua."

Nilimsikia akipumua kwenye simu, na pia, kwa mbali, kupitia dirishani.

"Wajina, nisikilize," alisema kwa sauti ya chini. "Usije hapa nyumbani. Sura amechukua, nguo amechukua. Kilichobaki ni wewe. Nikinywa anachonipa, hatakufuata huko uliko?"

Ana kwa ana nilikuwa nimemwambia mara nyingi kwamba hakuna mtu mwingine, kwamba ni mimi. Nilifunika mdomo, kisha nikaondoa mkono.

"Hatanifuata, Susu."

"Basi nitakaa naye. Mimi nimekula chumvi nyingi. Anichukue mimi."

Alikata simu. Nilizunguka nyumba polepole, ili nisimfikie upesi mno baada ya sauti aliyotoka kuisikia. Nilimkuta ameketi wima, amefunga kitambaa kichwani kama anayekwenda kanisani, na kiganja chake kiko wazi juu ya goti.

"Wewe," alisema. "Lete."

Nilimwekea kidonge. Vidole vyangu viligusa ngozi yake kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitalini, naye hakuuondoa mkono. Alimeza, akanywa maji yote, akafungua mdomo nione kwamba hakuficha kitu chini ya ulimi.

"Sasa tumeelewana," alisema, akinitazama machoni bila upole wowote. "Yule mtoto muache."

Niliitikia kwa kichwa tu. Sikuthubutu kutoa sauti.