Choo Kilichojengwa Masika

Kina mama, naomba kwanza ninywe maji mbele yenu. Msishangae. Chupa hii naenda nayo sokoni, kanisani, hata msibani, na anayetaka kucheka acheke. Mimi ninayesimama hapa nina figo moja. Ya pili waliitoa Mbeya, na nawaambia wazi kwamba hasira zangu bado hazijaisha.

Kwetu ni Matema. Nilipokuwa binti nilibeba ndoo ya usipa, dagaa wa ziwani, kichwani nikapanda nayo kilima huku naimba. Hospitali sikuijua. Kisha nikaolewa Katumba Songwe, kwenye nyumba inayoshika ule mwiko wetu wa zamani: mke wa mwana haonani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hapiti mbele yake. Wengi wenu mmeshauacha, mnawasalimia wakwe zenu na kuwapakulia chakula. Kwetu hapana.

Choo kilikuwa kimoja, nyuma ya nyumba ya mzee, na njia yake ilikatisha uwanja wake. Uwanjani hapo ndipo alipoanika kakao, akakaa kwenye kigoda kutwa nzima akifukuza kuku. Akiwa hapo, mimi sipiti. Siku za shambani nilikuwa na nafuu. Siku za nyumbani nilijifunza kubana.

Nikagundua pia kwamba usipokunywa maji, huna cha kubana. Asubuhi chai nusu kikombe, basi, mpaka jioni mzee aingie ndani. Joto la Kyela mnalijua. Mkojo wangu ukawa mweusi kama chai ya mkandaa. Siku moja nikatumia kopo chumbani, mama mkwe akaliona.

"Mwanamke mzima unakojoa kwenye kopo?" aliniuliza, sauti yake ikafika kwa majirani. Nikaona aibu, nikaacha.

Mume wangu, Ambakisye, nilimwomba atuchimbie choo chetu. "Mama Atupele, masika haya maji yako juu," alinijibu. "Ukichimba kidogo tu shimo linajaa. Subiri kiangazi." Kiangazi kikaja, kakao ikauzwa, akanunua pikipiki. Masika yakarudi, na maji yakawa juu tena.

Ugonjwa ulianza kwa kuchoma. Nakojoa matone, yanawaka moto, na nikiinuka nataka tena. Mkojo ukawa na ukungu, unanuka. Zahanati wakaniambia ni UTI, wakanipa vidonge, nikapata nafuu, kisha ukarudi. Uliporudi mara nyingine mama mkwe akasema ugonjwa huo ni wa wanawake wanaotembea. Nilikuwa sitembei hata kwenda chooni! Lakini maneno yale yalinifunga mdomo. Nikaacha kwenda zahanati, nikawa nakunywa mizizi ya kuchemsha.

Yakaja maumivu ya mgongo, upande wa kulia chini ya mbavu. Yanashuka mpaka kwenye kinena, yanakuja na kuondoka, na yakija unatambaa kwa magoti kama siku ya uchungu. Nikatetemeka kwa homa, nikatapika. Nyumbani wakasema malaria. Nikameza dawa za malaria huku mkojo umegeuka damu. Dada yangu Tumpe alipokuja kunitazama, hakuomba ruhusa ya mtu. Alinifunga khanga, akanipakia kwenye gari.

Mbeya wakanipima kwa utrasaundi. Daktari akaniambia, "Mama, jiwe limeziba njia, mkojo umerudi nyuma. Hii figo imejaa usaha, imekufa. Tusipoitoa utakufa nayo." Kisha akauliza, "Maji unakunywa?"

"Kidogo."

"Mkojo unabana?"

Nikatazama dari. "Daktari, nyumbani kuna baba mkwe."

Alikuwa Mnyakyusa mwenzetu. Akaelewa.

Wakanipasua. Tumpe alilala sakafuni kando ya kitanda changu, akamwaga mifuko ya mkojo na usaha bila kuziba pua. Nilipona. Kidonda kikafunga, homa ikaondoka, nikaruhusiwa, nikarudi Katumba Songwe nikitembea kwa kuinama.

Nikiwa nimelala chumbani nikasikia mwiko wa fundi ukigonga tofali. Masika, mvua inanyesha. Mzee alikuwa amepata shida ya tezi dume, mkojo unamwita kila saa na miguu haimfikishi kule nyuma. Mume wangu akamjengea choo pembeni ya mlango wake, akakiinua juu kwa tofali na kifusi, hakuchimba hata kufika magotini. Wiki haikuisha kikawa kimeezekwa bati.

Nikamwuliza, "Maji hayako juu?"

Akanijibu bila kunitazama, "Mzee anateseka, mama Atupele. Mtu hawezi kubana mkojo kutwa nzima."

Nililia mpaka mshono ukauma.

Jua lilipotoka nikachukua chupa yangu, nikaikata njia ya uwanjani mchana kweupe. Mama mkwe akapiga kelele, "We! Unakwenda wapi? Mzee yupo!" Mzee alisikia. Akageuza uso wake upande wa kakao, akaendelea kufukuza kuku. Nikapita, nikaingia kwenye choo chake kipya, nikatoka. Hakuna kilichotokea.

Basi nisikilizeni. Mkojo ukichoma, ukiwa na damu, mgongo ukiuma na homa juu, nendeni mkapime, hata wakisema mnatembea. Dawa mmalize. Maji mnywe. Si kila anayebana hupoteza figo, lakini mimi nimepoteza. Namshukuru Mungu, nawashukuru walionipasua, na wewe Tumpe, ndaga fijo. Mume wangu bado sijamshukuru kwa lolote.

Na mzee simchukii. Ila kila nikipita pale roho inaniuma upya, maana miaka yote ile, kumbe ilitosha ageuze shingo.