Ng'ombe wa Yule Maskini

Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Columbus, ninakoishi na wazazi wangu, hadi Buffalo, nikiwa na kitabu kimoja mkobani. Ni riwaya ya Kimarekani ya karne ya kumi na tisa, yenye kutisha polepole: familia tajiri imejenga jumba juu ya ardhi aliyonyang'anywa maskini, maskini akafa akiwalaani, na vizazi vyao vinaozea humo. Jalada limetoka. Kurasa zina madoa ya mawese. Nilikuwa nakipeleka Kenmore, kando ya Buffalo, kwa baba mdogo, anakoishi nyanya sasa, ili nimsomee tena.

Lakini niruhusu, rafiki, nikurudishe kwanza Louisville, tulikoishi zamani sote pamoja.

Tulipanga nyumba mtaa wa Highview. Baba alifanya kazi ya usiku kwenye ghala huko Okolona, mchana akalala, nasi tukazoea kuishi kwa kunong'ona. Nikitoka shule nilimkuta nyanya jikoni akichambua maharage, sombe ya majani ya mihogo ikichemka, mvua ya baridi ikigonga dirisha. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametugawia riwaya ile, nami sikuelewa hata ukurasa wa kwanza. Nililia. Sikuzoea kutoelewa. Mama akasema, "Kitu ukikielewa kweli, utaweza kumweleza nyanya yako." Basi nikawa namsomea, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, kwa sauti ya chini baba asiamke. Hadithi ya nyumba yenye mizimu haiwezi kupata mahali pazuri zaidi.

Nyanya alikuwa na sharti lake. Kwao, milimani Kivu ya Kusini, msikilizaji lazima aitikie. Kila sentensi aliipokea kwa "Eeh." Akinyamaza, nilijua nimeiharibu. "Hadithi isiyoitikiwa," alisema, "inasimuliwa wafu." Nakiri niliogopa kimya chake kuliko alama za mwalimu. Nilirudia sentensi, nikabadilisha neno hili na lile, mpaka "Eeh" ikaja. Hakuna aliyenifundisha kuandika Kiswahili. Nilijifunza pale, kwa kufuata ile sauti.

Mizimu haikumtisha. Waliomkera ni watu wa jumba.

"Bon, bale batu banangojea nini? Si bahame tu!"

"Ni nyumba yao, nyanya."

"Nyumba inakula batu, na wewe unaita nyumba?"

Tulicheka tukiziba midomo. Chumbani baba akakohoa, nasi tukazidi kucheka.

Ila tulipofika kwa maskini aliyenyang'anywa ardhi, hakucheka. Aliweka ungo wa maharage chini.

"Na ng'ombe zake zilienda wapi?"

Kitabu hakisemi. Nilikipekua chote, kwa sababu swali likibaki wazi mimi silali. Nikamwambia labda hakuwa nao.

"Mutu ana shamba, hana ng'ombe? Mwenye kuandika hii hakuuliza muzuri."

Kila tulipokirudia kitabu, palepale aliuliza tena. Nilikuwa mtoto. Sikujua kwamba ng'ombe wake mwenyewe waliswagwa siku nyumba yake ilipochomwa.

Baadaye ghala likapunguza watu. Sisi tukahamia Columbus, nyanya akaenda na baba mdogo. Nilimsomea kwa simu, lakini "Eeh" ilizidi kuchelewa, kisha ugonjwa wa kusahau ukamwingia. Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kuzaliwa. Alikiokota sokoni na kwenye kambi ya wakimbizi. Mama yangu ni wa kabila lingine, hivyo nyumbani kwetu kila mtu alikutana na mwenzake kwa Kiswahili, na lugha ya kwao nyanya sikuipata. Ugonjwa ulianza kuchukua kile kilichokuja mwisho.

Kenmore nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, kitenge magotini. Nikasoma. Akatazama mdomo wangu. Kimya. Nikarudia sentensi, nikailainisha, nikaisema Kikivu kabisa, kama alivyoisema yeye. Kimya. Tukafika kwa maskini. Nikasimama, nikamwachia nafasi yake, nikangoja mpaka nikaona aibu. Mwishowe nikauliza mimi: "Na ng'ombe zake zilienda wapi?"

Akatabasamu. Akasema maneno mengi, kwa upole sana, na sikuelewa hata moja. Nikamgeukia baba mdogo.

"Anasema karibu, mgeni. Ukae. Maziwa yanakuja."

Nilikaa. Hakukuwa na maziwa.

Wengine hulilia kijiji, au mto. Mimi ninalolilia ni jiko moja la kupanga ambamo sasa wanapika watu nisiowajua, na Kiswahili tulichokutania humo, kila mmoja akitokea kwake. Nyanya ameshahama, amerudi milimani bila mimi. Mimi nimebaki ndani na kitabu kisicho na jalada. Bado narekebisha sentensi, neno hili, neno lile, na bado nanong'ona, ingawa hakuna aliyelala.